Sketi ya Miavuli Mitatu

Nyumbani kwetu Siongiroi hakuna gunia lisilo na kazi. Gunia la mbolea likishamwagwa shambani hurudi nyumbani, likafuliwa, likaanikwa kwenye ua, na kabla jua halijatua limeshapata mwenyewe. Moja limetandikwa kwenye kiota cha kuku. Jingine limepasuliwa na kuunganishwa na wenzake likawa turubai la kuanikia mahindi. Jingine limeshindiliwa nyasi kavu, Baba watoto analikalia akikamua. Ndoo iliyotoboka ina mche wa parachichi. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kogo na majirani nao wakafuata, huvaa akala zilizokatwa kwenye tairi la gari, na ukanda wa akala ukikatika hautupwi, hufungia ndama.

Ndiyo maana binti yangu alipoingia jioni na kusema mwalimu wa sanaa anataka vazi lililobuniwa kwa vitu vilivyotupwa, Kogo aliacha kusugua sotet yake, kibuyu cha maziwa, akamtazama, akauliza: "Vilivyotupwa na nani?"

Binti yuko Gredi ya 8. Mzazi yeyote wa Kenya mwenye mtoto chini ya Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, anazijua jioni za namna hii: mtoto anafika na orodha, na nyumba nzima inageuka karakana. Mimi si miongoni mwa wanaoulaani mtaala huu. Mtoto aliyewahi kupima, kukata, kuharibu na kuanza upya ana kitu ambacho daftari peke yake haliwezi kumpa. Lakini aliyeandika zoezi lile aliwazia nyumba yenye pipa la taka lililojaa. Sisi tuko Chepalungu, upande wa chini wa Bomet, pale ambapo mashamba ya chai yaliyotanda Kericho na Konoin yameshakoma na nchi imekuwa ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Pipa la taka hatuna. Tuna jiko, tuna shimo la mbolea, na tuna ng'ombe.

Alizunguka boma lote akiwa na daftari, na kila alichogusa kilipata mtetezi. Aligusa gunia la kiota, mdogo wake akapiga kelele kwamba kuku yuko kwenye mayai. Aligusa aproni ya plastiki ambayo shangazi yake alikuwa akivaa kuchumia chai kule Mogogosiek, iliyochanika kifuani. Nikamwambia hiyo ndiyo inayofunika kuni mvua ikinyesha. Aligusa shuka kuukuu. Hilo ni la kumkaushia ndama anapozaliwa. Akarudi jikoni daftari likiwa jeupe, akasema kwa uchungu wa kweli, "Mama, nyumba hii haina takataka." Kogo alilichukulia neno hilo kuwa sifa, akamshukuru: "Kongoi."

Kesho yake alipata alichodhani ni mali isiyo na mtu. Ghalani, nyuma ya mlango, kulikuwa na magunia mapya yaliyokunjwa vizuri, na ndani ya kila gunia kulikuwa na mifuko miwili ya plastiki inayopitisha mwanga, mizito, laini, inayong'aa. Msichana wa miaka kumi na mitatu anayeota gauni hawezi kuuona mng'ao huo akapita. Aliichomoa mifuko ya ndani ya magunia mawili, akaikata vipande vya sketi, akaviunganisha kwa stepla ya shuleni. Nilimwona akipita uani navyo, mng'ao wa jua la jioni ukiwa juu yake, na ninakiri kwamba vilipendeza.

Siku hiyo hiyo Baba watoto alikuwa ameuma punje za mahindi, akasikia zinavyokatika, akaamua zimekauka vya kutosha kutiwa ghalani. Alikwenda kuyachukua magunia yake.

Magunia yale ni ya tabaka tatu, na akili yake yote iko ndani. Mkulima anajaza mahindi makavu, anaukamua mfuko wa kwanza hewa itoke, anaufunga shingo, anafunga wa pili, kisha anafunga gunia la nje. Dumuzi na fukusi waliojificha ndani ya punje wanaendelea kupumua hadi wanaimaliza hewa yao wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna dawa inayotiwa. Mfuko mmoja ukitoboka, hata tundu la msumari, hewa inaingia na dumuzi wanaendelea na karamu. Kwa nyumba inayokula kimyet, yaani ugali, kila siku ya Mungu, plastiki ile ni chakula cha miezi ya njaa.

Nitayapita maneno yaliyosemwa usiku huo. Baba watoto hana mkono wa kupiga, ila ana sauti, na hadi jirani wa ng'ambo ya mto alijua kwamba mahindi yetu yamekatwa sketi. Baada ya sauti kuisha alikaa na binti yake mezani, akamchorea gunia lile kwenye ukurasa mweupe wa daftari, tabaka kwa tabaka, mdudu mmoja katikati. Kisha akainuka, akaenda nje, akarudi na gunia tupu la CAN, ile mbolea ya kukuzia mahindi. "Hili nakupa mimi," alisema. "Hili sasa limetupwa."

Nililipenda jambo hilo kwa mume wangu, na ndilo lililotutia kwenye matatizo makubwa zaidi.

Gunia la mbolea ni kitambaa kizuri kuliko watu wanavyodhani. Ni utepe wa plastiki uliofumwa kama mkeka, hauozi, haunyonyi maji, hauchaniki ovyo. Binti alilisuuza mara moja mtoni, akalikata blauzi yenye mikono mipana na ukosi uliosimama, akaishona kwa mkono kwa uzi wa gunia. Maandishi ya kiwandani yalimpita kifuani kwa mshazari. Aliianika barazani, chini ya paa, ikauke usiku. Asubuhi aliikuta imelowa. Mvua haikuwa imenyesha, na hata ingenyesha isingefika pale. Alimshuku mdogo wake, mdogo wake akalia, mimi nikaamua kesi ambayo haikuwa na mkosaji. Mkosaji alikuwa mbolea yenyewe. CAN huvuta maji kutoka hewani. Mkulima aliyeacha mfuko wazi usiku mmoja anajua kwamba asubuhi atakuta uji au jiwe. Chembe zilizobaki kati ya nyuzi ziliuvuta unyevu wa usiku wa Bomet, zikayeyuka, na vazi likatoka jasho bila mvaaji.

Basi akalitoa barazani akalitundika kwenye ua, upande wa jua, ambao pia ni upande wa zizi.

Ng'ombe wetu mkubwa ni mweusi mwenye baka jeupe pajani, na ndiye anayelipa karo. Anapenda chumvi kama ng'ombe wote, na CAN ina ladha ya chumvi. Aliyemwona kwanza ni Kogo, ambaye alidhani ng'ombe ananusa. Alipotazama tena, mkono wa kushoto wa blauzi ulikuwa umekwisha na ng'ombe alikuwa anauendea ukosi. Kogo ana miaka mingi na magoti yake yanauma, lakini wote tuliokuwa uani tulishuhudia akikimbia. Alishika upande wake wa blauzi, ng'ombe akashika wake, na kwa muda nisioweza kuukadiria mama mkwe wangu na ng'ombe wa karo walivutana juu ya zoezi la sanaa la Gredi ya 8. Uzi wa gunia ulisalimu amri. Kogo alianguka kwenye majani akiwa na mgongo wa blauzi, na ng'ombe akameza alichobaki nacho, taratibu, akitutazama.

Hapo mzaha uliisha. Mbolea ya naitreti ni sumu kwa ng'ombe. Tumboni hugeuka kuwa kitu kinachoifunga damu isibebe hewa, damu inakuwa na rangi ya kahawia kama chokoleti, na mnyama anaweza kufa amesimama muda mfupi tangu kulamba. Kila mwaka kuna boma linalopoteza ng'ombe aliyelamba gunia lililoachwa shambani. Baba watoto alipiga simu, na daktari wa mifugo akafika kwa bodaboda. Aliangalia ufizi wa ng'ombe, akavuta kope chini, akaweka sikio ubavuni, akauliza gunia lilisuuzwa mara ngapi. Binti alijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Daktari alisema ufizi ni mwekundu, pumzi ni ya kawaida, chembe zilizobaki zilikuwa chache. Kilichomsumbua ni kitambaa. Utepe wa plastiki hausagiki tumboni, haurudi juu kucheuliwa vizuri, na ukijisokota na mwingine unaweza kuziba njia. Akatuagiza tumwangalie anavyokula na anavyocheua, na maziwa ya jioni hiyo yasipelekwe kiwandani. Tuliyamwaga kwenye shimo la mbolea. Alicheua usiku ule ule, na Baba watoto alilala zizini kumsikiliza.

Wakati sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ilipoanza kutumika Kenya tarehe 28 Agosti 2017, wengi wetu tulizungumza juu ya faini, maana ilikuwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha hadi miaka 4. Sababu moja iliyotajwa sana wakati ule ilikuwa ng'ombe: wachinjaji wa Nairobi walikuwa wakipasua matumbo na kukuta mifuko imejikunja ndani, mingine kwa makumi. Sheria iliondoa mifuko ya dukani. Vifungashio vya viwandani, gunia la mbolea likiwemo, havikuguswa, na boma la mkulima ndipo vinapoishia. Kwa hiyo anayetaka kushona kitu kwa gunia la mbolea, na nimeona mikoba mizuri sana ya namna hiyo, alisuuze hadi maji yatoke safi kabisa, maji yenyewe ayamwage mbali na mnyama, na asilitundike karibu na zizi hata kwa dakika moja.

Mgongo wa blauzi, uliobaki mikononi mwa Kogo, ulifia kwenye pasi. Plastiki ya gunia huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 160, na pasi ya makaa haina kipimo. Iliganda kwenye chuma ikatoa moshi mweusi, na Kogo alishinda akiikwangua pasi yake kwa majivu.

Jumamosi binti alitangaza kwamba atamwambia mwalimu ameshindwa. Nilimsimulia habari za Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi ambaye miwani yake ya waya, vizibo na vipuri vilivyookotwa imezunguka majumba ya sanaa duniani. Alipokuwa mtoto alitamani miwani. Baba yake alikataa, kwa sababu yeye mwenyewe utotoni aliwahi kuvunja miwani ya mama yake akaadhibiwa vikali, akamwambia akitaka miwani ajitengenezee. Akajitengenezea. Nilimsimulia pia juu ya Bobby Kolade wa Kampala, ambaye mwaka 2022, kupitia nembo yake ya Buzigahill, alianza kununua mitumba ya soko la Owino, kuipasua, kuibuni upya na kuiuza kule kule Ulaya na Marekani ilikotoka. Binti alisikiliza akauliza swali ambalo lilinionyesha kwamba ameshakuwa mbunifu kabla hajajua: "Mama, yeye alichukua kitu ambacho hakikuwa na mwenyewe?"

Tukaenda sokoni kutafuta kisicho na mwenyewe.

Siku ya soko Siongiroi mitumba humwagwa kwenye maturubai kando ya barabara. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo kuukuu, na kila robota linapofunguliwa kuna daraja. Kwanza ni kamera, nguo zinazoonekana mpya, ambazo wauzaji wa mijini hugombania zikiwa bado kwenye mikunjo. Mwisho ni fagia, jina linajieleza. Kamera haifiki kwetu. Fagia ndiyo inayofika, na ndani ya fagia kuna fagia yake. Mama mmoja muuza mitumba, aliyetukaribisha tukae kwenye robota lake, alituonyesha alichokuwa amekitenga. Nguo za pamba zilizochanika huuzwa gereji kuwa matambara, kwa sababu pamba hunywa oili. Jinzi zilizokwisha magoti hununuliwa na mafundi kutia viraka. Zilizobaki, zile nyepesi za nyuzi za plastiki, zenye kwapa lililoiva na kola iliyolegea, hata fundi wa magari hazitaki, maana oili inateleza juu yake. "Hizi nimezilipia, mama," alituambia. "Nimenunua kilo, na hizi zilikuwa ndani ya kilo." Kuna mabishano makubwa kati ya mashirika ya mazingira na waagizaji wa mitumba juu ya kiasi gani kinachofika Kenya ni taka tupu. Nilipokuwa nimekaa pale niliona kwamba hasara hiyo, iwe kubwa iwe ndogo, inapitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka inamfikia mwanamke mwenye turubai la mwisho. Tulinunua jinzi za magoti yaliyotoboka kwa bei ya tambara.

Nyuma ya safu ile anakaa fundi wa viatu na miavuli.

Nyanda za juu za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu duniani zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Unyevu unapanda kutoka Ziwa Victoria, unakutana na upepo wa mashariki juu ya milima, na alasiri mbingu zinafunguka. Mvua ile inanyonyoa mashamba ya chai, na inatoboa miavuli. Upepo unaotangulia mawe huigeuza nje ndani, njiti zinavunjika, na mwavuli unafika kwa fundi. Yeye anaokoa njiti nzima, mkono, na kitufe cha kufungulia, avitie kwenye mwavuli mwingine. Kitambaa anakibandua. Pembeni mwa kibanda chake kulikuwa na rundo la vitambaa vyeusi, vya bluu, vya maua, vya rangi za benki na za vyama, vimelowa, vimebandikana.

Binti alisimama mbele ya rundo lile. "Mzee, hivi ni vya nani?"

"Vya moto," fundi alisema. "Jioni navichoma."

Aliuliza mara ya pili, aone kama kweli hakuna kuku, hakuna ndama, hakuna kuni zinazovihitaji. Mzee alicheka akampa gunia avitie. Gunia alitaka arudishiwe.

Kilichofuata kilifanyika kwenye cherehani ya kukanyaga ya Mama Fundi, barazani mwa duka la dawa za mifugo, na hapa ndipo ningependa kila mwalimu wa sanaa angekaa pembeni akatazama. Mwavuli wa kawaida una vipande vinane vya pembetatu vilivyoungana kileleni. Binti alidhani kazi imekwisha kabla haijaanza: ukikata duara katikati, una sketi. Mama Fundi alimwachia ajaribu kwa hesabu. Kiuno sentimita 66, gawanya kwa 6.28, nusu kipenyo ni sentimita kumi na nusu. Njiti ya mwavuli wa kawaida ina kama sentimita 58. Toa. Sketi inabaki na sentimita 47 hivi, na Kogo alikuwepo. "Hiyo ni ya mtoto wa chekechea," alisema. Tena kitambaa cha mwavuli hakikushonwa kilale sawa, kimeshonwa kiwe kuba, kwa hiyo pindo lake hujikunja kwa ndani kama uyoga, na msichana anayetembea ndani yake hawezi kupiga hatua.

Mama Fundi alimfundisha kufumua. Vipande vyote vinane vilitenganishwa, na kati ya kila viwili pakatiwa kabari ya jinzi, nyembamba kiunoni na pana chini. Kuba likafunguka. Pindo likapata mwendo. Urefu uliongezwa kwa kuunga vipande vya mwavuli wa pili chini ya vya kwanza, na wa tatu ukatoa vya kuziba palipotobolewa na mawe. Alimkataza kutumia pini. Kitambaa cha mwavuli kimepakwa utando wa kuzuia maji, na kila tundu la sindano linalopita hapo halizibiki tena. Ukishona vibaya ukafumua, kovu linabaki na maji yanapita. Walivishikanisha kwa vibanio vya kuanikia nguo. Sindano namba 11 kwa mwavuli, namba 16 ilipofika jinzi, na uzi wa poliesta kwa sababu wa pamba ungeoza kwenye mvua. Binti alikanyaga mwenyewe. Nilimwona akishikilia pumzi kwenye kila mshono mrefu, kwa sababu alikuwa amejua sasa kwamba kitambaa hiki hakisamehe.

Tatizo la mwisho lililetwa na siasa. Mwavuli mmoja ulikuwa wa kampeni za mwaka 2022, na mgombea alikuwa anatabasamu kwenye vipande viwili. Ilivyotokea, kipande kimoja kilikuwa kimeangukia nyuma, mahali ambapo mvaaji hukalia. Kogo alisimamisha cherehani kwa kiganja. "Huyu ni mzee wa watu. Ana wake na wajukuu. Hatakaliwa na mtoto wangu." Mama Fundi alisema mgombea mwenyewe alishindwa, kwa hiyo hana neno. Kogo alisema kushindwa hakumwondolei mtu uzee. Mjadala ulivuta watu kutoka duka la dawa, wakagawanyika, na mtu mmoja akaanza kueleza upya matokeo ya wadi nzima. Kipande kilifumuliwa, kikageuzwa, kikashonwa kwa ndani kuwa bitana ya mfuko. Mgombea anatabasamu humo hadi leo, na ni mfuko wa kina, unaoingia simu na kalamu.

Sketi ilipokamilika ilikuwa nyeusi na bluu, na kabari za jinzi zilizopauka zikitokea kila mvaaji anapogeuka. Binti alimwagiwa jagi la maji uani ili tuone. Maji yaliteremka kwenye vipande vya mwavuli yakaacha jinzi tu na madoa. Baba watoto, ambaye hakuwa amesema lolote juu ya mavazi tangu usiku wa magunia, aliomba amwagiwe tena aone vizuri.

Shuleni mavazi yalipangwa ukumbini. Kulikuwa na gauni la magazeti ambalo lilichanika mvaaji alipopanda jukwaa, koti la vifuniko vya chupa lisiloweza kukunjwa mikono, taji la vijiko vya plastiki. Watoto walikuwa wamejitahidi na walipigiwa makofi kwa haki. Binti yangu alipata "amefikia matarajio", akakosa "amezidi matarajio", na maelezo yaliyoandikwa pembeni yalikuwa kwamba vazi lake halionyeshi wazi kuwa limetokana na taka, linafanana na sketi ya dukani.

Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi na siyakubali. Gauni la magazeti lilirudi kuwa magazeti kabla ya saa sita mchana, na sasa ni magazeti yaliyochanika yenye gundi, yasiyofaa hata kuwashia moto vizuri. Vazi linalovaliwa mara moja ili lionekane limetokana na taka limeiongezea taka safari tu. Mtoto huyu alipekua boma zima akaheshimu kila kitu chenye kazi, akalipa kwa machozi pale alipokosea mwenyewe wa kitu, akatafuta hadi akakipata ambacho kweli kilikuwa kinakwenda motoni, akakigeuza kuwa nguo inayokwenda shambani, kanisani na kwenye mvua. Kama sketi hiyo inafanana na ya dukani, ni kwa sababu mishono imenyooka.

Mwezi uliofuata tulikuwa na koito ya binamu yake upande wa Sigor, ile siku wakwe wanapokuja kuzungumza ng'ombe. Binti alivaa sketi. Mvua ilishuka wazee wakiwa katikati ya mazungumzo, wanawake wakakimbilia jikoni wamelowa hadi magotini, naye akaingia akiwa mkavu kuanzia kiunoni. Kabla mursik, maziwa yetu ya mgando, haijazunguka alikuwa amepimwa na kuguswa na shangazi zake wote, na mmoja wao, anayechuma chai Mogogosiek na kushinda na aproni ya plastiki inayomchemsha kwa joto, alimwambia anataka mbili, ndefu, bila mapambo, na atalipa.

Walikaa na Mama Fundi kupiga hesabu: uzi, sindano, mchana wa cherehani, jinzi. Walipofika kwenye kitambaa cha miavuli binti aliandika sifuri, akaenda kwa fundi wa miavuli na gunia alilodaiwa. Rundo halikuwepo pembeni mwa kibanda. Lilikuwa ndani, limekunjwa, limefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Shilingi 20 kila kimoja," mzee alisema. "Vyeusi 30."

Alirudi nyumbani akaifuta sifuri. Kogo, aliyekuwa akisikiliza, aliinuka akaenda kuuchukua mwavuli wake uliovunjika njiti mbili, uliokuwa umeegemezwa nje tangu mvua za Aprili, akaufungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Bei ya sketi ya shangazi bado wanaijadili. Mama Fundi anataka 800, binti anasema kwa mchuma chai hiyo ni kubwa mno, na Baba watoto ameshauri waanze na mia sita na hamsini waone.